Sukari ya Mfereji

Kwa miaka mingi sikuwahi kumwona Mkufunzi akikaa kitako mpaka chai yake ikaisha. Nyumba yake na yetu, huku Mwembesongo, zimepeana migongo, kwa hiyo alipita uani kwetu kila asubuhi. Alimjulia hali mama, akapokea kikombe, akanywa mafunda mawili akiwa amesimama, halafu jambo likamjia kichwani na akaondoka. Kikombe kilibaki dirishani, au juu ya tofali, au kwenye mfuniko wa pipa la maji. Mama alikuwa akiviokota jioni huku akilalamika kwamba yule mtu anafuga sisimizi.

Alifundisha saikolojia katika chuo kimoja cha ualimu hapa Morogoro, na mtaa mzima tulimwita Mkufunzi, hata wale ambao hawakujua anafundisha nini. Alichokipenda kuliko kula ni somo la hamasa: kwa nini mtu anafanya anachokifanya, na kwa nini anaacha. Aliliingiza kila mahali. Alimuuliza mama lishe anayefungua kibanda kabla jua halijatoka, akamuuliza fundi baiskeli, akamuuliza mzee anayefagia msikitini bila kuombwa na mtu. Swali lilikuwa moja tu: "Nini kinakusukuma?" Vijana wa bodaboda walimjibu kwamba ni petroli, apande waende. Hakucheka. Alisema hilo ni jibu la mtu anayekwepa swali.

Siku yangu ya kwanza chuoni kwake alituuliza na sisi wanafunzi, mmoja mmoja, akitembea katikati ya madawati. Mimi nilisema nataka ajira. Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayesoma vipimo vibaya, akasema ajira ni jibu la tumboni, nitafute lingine. Mpaka leo nalitafuta, na siku nyingine nikiingia darasani asubuhi kufundisha nahisi hasira naye kwa kunipa kazi isiyo na mwisho.

Alifundisha akitembea. Anaanza ubaoni, anafika nyuma ya darasa, anatoka mlangoni, na sauti yake inaendelea kutufikia kupitia madirisha ya ukumbini mpaka aingie tena kwa mlango wa pili. Hakuwa mtu wa kusinzia naye. Alituchorea mahitaji ya binadamu kama mlima, na kwa kuwa milima ya Uluguru ilikuwa pale dirishani hakuwa na haja ya chaki nyingi. Huku chini mjini, alisema, ni chakula na maji. Ukipanda kidogo ni usalama. Halafu kupendwa, halafu kuheshimiwa, na kule juu kwenye ukungu ni mtu kuwa yule anayeweza kuwa. Mwenye njaa, alisema, hana muda wa kutazama ukungu. Tuliandika vyote.

Nadharia ya zawadi na adhabu aliieleza kwa panya. Hapa Morogoro kuna panya wakubwa wanaofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kila panya akipatia anapewa kipande cha ndizi. Mkufunzi aliwapenda wale panya. Alisema panya hana habari na vita wala na watu anaowaokoa, yeye anaijua ndizi, na ukiacha kumpa ndizi ataacha kunusa. Kisha anasimama ghafla na kutuuliza kama sisi ni panya. Darasa zima linasema hapana. Yeye anasema tusijibu haraka hivyo.

Nadharia aliyoiamini hasa ilikuwa ile inayosema mtu husukumwa kutoka ndani na mambo matatu. La kwanza ni kuamua mwenyewe. La pili ni kuona kwamba anaweza. La tatu hatukulisikia kamwe, kwa sababu alitumia kipindi chote kwenye mawili ya kwanza, na kengele ilipolia alisema la tatu tutalimalizia wiki ijayo. Wiki ijayo alikuwa na jambo jingine. Nililisoma mwenyewe maktaba siku chache kabla ya mtihani: mtu anataka kujiona ni wa watu fulani, kwamba asipokuwepo wenzake wanaona pengo. Nililikariri, nikapata alama, nikasahau.

Mtu huyu alikuwa amejaa mambo yasiyopatana. Alifundisha kwamba adhabu zinaua hamasa, na aliyechelewa darasani kwake alisimama nje mpaka kipindi kiishe. Alifundisha kwamba sifa za watu ni chakula kisichoshibisha, lakini akialikwa Mzumbe kuzungumza kwenye semina, mtaa mzima tulijua tangu wiki iliyotangulia, na shati lilipigwa pasi mara mbili. Alituambia mwalimu mzuri husikiliza, na hajawahi kuniacha nimalize sentensi. Zaidi ya yote, yeye aliyeuliza kila mtu swali lile hakupenda kuulizwa. Ukimgeuzia, anaangalia saa.

Mkewe alikuwa kinyume chake. Ni Mluguru wa juu kabisa mlimani, mtu wa kutulia, anayeweza kumenya njegere beseni zima bila kunyanyua kichwa. Yeye ndiye aliyefuata vikombe vyake nyumbani kwao kama mama alivyovifuata kwetu. Mkufunzi kwao Singida. Walikutana mjini, wakaoana mjini, kwa haraka, kwa kuwa yeye hakujua namna nyingine ya kufanya jambo. Mahari ilipelekwa na wazee, wazee wa ukweni wakasema yapo mambo mengine ya kufuata, yeye akasema yatafuata, na kesho yake alikuwa ubaoni. Mama yangu, ambaye naye ni Mluguru ingawa wa mjini, aliwahi kusema yule bwana ameoa kama mtu anayepanda treni Ngerengere, ambako inasimama kidogo tu. Nilidhani anamtania.

Sasa nifike kwenye sukari, maana bila sukari hakuna anayeweza kumwelewa.

Kule kwa mkewe, maji ya kijiji hutoka kwenye kijito kilicho juu zaidi. Kuna banio, yaani ukuta mdogo wa mawe unaoyageuza maji, kisha mfereji mrefu unaozunguka ubavu wa mlima mpaka kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi mabomba yanashuka mpaka kwenye koki za nyumba. Mvua zikinyesha udongo unaporomoka na kuziba mfereji. Tangu zamani kazi ya kuzibua ni ya watu wote. Mjomba wa mkewe, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, kwa kuwa kwetu Waluguru ukoo ni wa upande wa mama, alipuliza pembe asubuhi, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Asiyekuja bila sababu alitozwa jogoo, na jogoo huyo akaliwa na waliokuja. Wasiotozwa ni wageni na wakwe tu, kwa sababu mfereji si wao.

Siku moja ukaja mradi wa kutunza vyanzo vya maji. Wenye mradi walitaka mtaalamu wa kuwaambia namna ya kuwahamasisha wanakijiji, na Mkufunzi, mkwe wa palepale na bingwa wa hamasa, akapanda nao. Aliona watu wakija kwa kuchelewa, vijana wakichimba kidogo na kuongea sana, na jogoo mmoja akilia kwenye kamba. Akashauri mambo mawili. Faini ifutwe, kwa kuwa inawafanya watu waichukie kazi. Na kila anayekuja apewe kilo ya sukari.

Ilifanya kazi kupita kiasi. Siku ya sukari ya kwanza watu walikanyagana mferejini, wengine wametoka vijiji ambavyo havinywi maji yale. Mkufunzi alipiga picha. Zile picha nimeziona kwenye ukuta wa ofisi yake, na alizipeleka kwenye semina, na nadhani ilikuwa furaha kubwa kuliko zote alizowahi kupata kazini. Alipita kwetu akamweleza mama habari yote bila kugusa kikombe kabisa.

Halafu mradi ukamaliza muda wake na sukari ikaisha. Mvua za vuli zilipopita mjomba akapuliza pembe. Wakaja wazee watatu. Wakasubiri, wakatazamana, wakarudi nyumbani. Mjomba alipuliza tena wiki iliyofuata, halafu akaitundika ile pembe ukutani na kuiacha. Mfereji ukajaa udongo na majani, tangi likakauka, na koki iliyokuwa uani kwa mama mkwe wa Mkufunzi ikawa kitu cha watoto kuchezea. Mama yule alikuwa mzee asiyeweza tena kushuka kijitoni na ndoo. Kwa hiyo mkewe Mkufunzi alifunga nguo zake, akafunga njegere za mbegu, akapanda kwenda kumchotea mama yake maji. Hakugombana na mtu. Alisema maji yakirudi atarudi.

Na mtaani kila mtu alijua maji yamekauka kwa sababu ya nani. Hakuna aliyemwambia usoni, na hilo naona lilimchoma zaidi. Nyumba ile ikawa tupu. Nilikuwa nikisikia nyayo zake kwa nyuma, kutoka jikoni kwenda sebuleni na kurudi, na redio inawashwa, inazimwa. Alikonda. Alianza kuvaa viatu vya mvua hata siku za jua. Kisha tukaambiwa kwamba kila Jumamosi anapanda mlimani na jembe kuzibua mfereji peke yake, na kwamba ameapa hatapanda na sukari wala chumvi, atawaonyesha kwa mfano mpaka ile hamasa ya zamani iamke.

Haikuamka. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, akastaafu, bado anapanda. Kazi ya kijiji kizima haimalizwi na mtu mmoja mwenye magoti mabovu. Anazibua hatua kadhaa leo, mvua inazijaza keshokutwa. Akirudi Jumapili alikuwa akinieleza, akizunguka uani kwetu na kikombe mkononi, kwamba tatizo sasa amelielewa: sukari iliua msukumo wa ndani, na msukumo wa ndani ukifa ni kama jicho, hauoti tena. Wiki iliyofuata alikuwa na maelezo mengine. Watu wanaona haya. Watu wanangoja mradi mpya. Watu wameonja kulipwa na sasa kila tone la jasho wanalipigia hesabu. Niliyachoka maelezo yake, niseme ukweli, lakini sikumchoka yeye.

Jumamosi moja nilipanda naye. Pikipiki ilitufikisha barabara inapoishia, tukaendelea kwa miguu kati ya migomba na mashamba ya kabichi, yeye mbele, akizungumza mpaka pumzi ikamkatika. Mkewe alitupokea vizuri, akanipa magimbi ya kuchemsha, akamwangalia mumewe miguuni kuona kama viatu vimepasuka. Hawakuzungumza sana. Mama mkwe hakutokea, alikuwa ndani, maana kwao mkwe na mama mkwe hawakai wakatazamana.

Mferejini alichimba kama mtu anayefukuzwa. Nilimsaidia kutoa mawe. Na hapo nikaona jambo lililonishangaza. Watu walipita kwenye njia ya juu wakienda mashambani, wamebeba majembe begani, majembe yaleyale ambayo yangemaliza kazi ile siku moja. Wote walisimama. Wote walisalimia kwa adabu: "Pole na kazi, mkwe." Kisha wakaenda zao. Mama mmoja aliteremka mpaka tulipokuwa, akaweka ndizi mbivu juu ya shati la Mkufunzi lililokuwa kwenye jiwe, akapanda tena.

"Unaona?" Mkufunzi aliniambia alipokwenda. "Dhamiri inawasuta. Anajua anatakiwa kuwa humu ndani na jembe, kwa hiyo ananunua amani kwa ndizi."

Nilimwambia panya wa kunusa mabomu nao wanapewa ndizi. Sikutaka kumuudhi, ilinitoka tu. Hakucheka, akaendelea kuchimba. Mimi nikala ndizi mbili.

Nilishuka siku ile na moyo mzito. Nilikuwa nimewahi kuwaona Waluguru wa juu wakisaidiana kuezeka nyumba ya mtu wasiyempenda, wakamtania huku wakimwezekea. Kwamba wampite mzee anayehangaika na maji yao wenyewe, na wampe pole, haikuniingia akilini. Nilimweleza mama. Mama aliniuliza kama walimwita Mkufunzi au walimwita mkwe. Nilisema mkwe. Mama akasema, "Haya," akaendelea kupepeta mchele, na mimi sikuuliza zaidi, kwa kuwa nilifundishwa na mtu aliyejua majibu yote.

Yaliyotokea baadaye nilielezwa na Mkufunzi mwenyewe, Jumapili, na sijawahi kumwona na hasira kama siku ile. Jumamosi hiyo alikuwa ameufikia mpindo mbaya, mahali ambapo mwamba unabana mfereji, na akaupenya. Maji kidogo yakapita. Alipoinua kichwa alimwona mjomba wa mkewe amesimama juu yake, kavaa kanzu, na nyuma yake binti amebeba sinia lililofunikwa. Ndani ya sinia kulikuwa na kuku mzima wa kuchemsha.

"Mkwe, imetosha," mjomba alimwambia. "Dada yangu, mama wa mkeo, amesema kazi yako ameiona. Toka humo sasa, ule."

Mkufunzi akauliza kazi gani. Mjomba akadhani anajishusha kwa adabu, akamsifu kwa hilo pia. Akasema wakwe wa siku hizi wanaleta mahari mkononi na kukimbia, hawajui kwamba zamani mwanamume alilima kwa mama mkwe mpaka aambiwe basi, wala kazi ile haisaidiwi na mtu, kwa sababu ukiishika umemwibia mkwe. Akasema ukoo ulimsikitikia sana binti yao alipoolewa na mtu asiye na subira. Lakini walipomwona ameshika jembe, tena peke yake, tena bila kutumwa, tena uzeeni, walimsamehe yote, na sukari pia. Ndiyo maana walimwacha. Ndiyo maana akina mama walimletea ndizi, kwa kuwa mkwe aliye kazini hulishwa.

Alinisimulia haya akizunguka pipa letu la maji. Alisema kumbe misimu yote ile hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wameharibika, wala hakukuwa na hamasa iliyokufa ya kufufuliwa. Walikuwa wanangoja amalize. Kila Jumamosi aliyopanda kuwavuta waje ndiyo iliyowazuia wasije. Na mkewe alijua.

"Alijua," alirudia. "Nimemuuliza. Ananiambia hukuwahi kumfanyia mama yangu kitu, nikaona nikuache."

Nilimuuliza taratibu kama si jambo jema, kwa kuwa kazi imekubaliwa. Alisema imekubaliwa kazi ambayo hakuifanya. Yeye alikuwa anafanya nyingine. Wamempa heshima ya mtu mwingine, mkwe mvumilivu, mnyenyekevu, ambaye yeye hajawahi kuwa hata siku moja. Aliweka kikombe juu ya pipa kwa nguvu, chai ikamwagika. Alisema hapandi tena. Maji yakitoka yatoke, yasipotoka basi.

Jumamosi iliyofuata hakupanda kweli. Nilisikia nyayo zake mchana kutwa. Alitoka mpaka barabarani, akarudi. Alivaa viatu vya mvua, akavivua. Nilitaka kwenda kumwambia kitu na sikujua kitu chenyewe, kwa hiyo nilipika maandazi nikampelekea, naye akalishika moja mkononi mpaka likapoa. Milima ilikuwa imefunikwa na wingu na alikuwa akiitazama kila mara, huku akijifanya anatazama nguo kwenye kamba.

Jumapili asubuhi mkewe akashuka. Mimi nilikuwa uani kwao, nimefuata sahani yetu ya maandazi. Aliingia na kikapu cha njegere kichwani, akakitua, akaniitikia shikamoo, kisha akajifunga upya kanga yake bila haraka, na Mkufunzi amesimama mlangoni anamngoja aseme.

"Maji yametoka," mkewe alisema. "Jana. Wamezibua mpaka kwenye banio."

"Nani?"

"Watu wote. Mjomba alipuliza pembe."

Lile alilolitaka Mkufunzi tangu sukari iishe lilikuwa limetokea bila yeye, na mke wake alikuwa amesimama uani kwake na kikapu. Alisema vizuri. Akasema tena vizuri. Akasema basi umerudi, na sauti yake haikuwa na furaha niliyoitegemea.

"Nimeletwa na ujumbe kwanza," mkewe akasema. "Mjomba alipita mstarini kuangalia nani hayupo. Wakamwambia wote wapo, kasoro mkwe. Akasema mkwe alishamaliza kazi ya mkwe, sasa huyu ni mtu wa hapa kama nyinyi, na hakuja. Umetozwa jogoo."

Kulikuwa na ndoo tupu imepinduliwa karibu na ukuta. Mkufunzi aliiangalia, akaisogelea, akaikalia. Magoti yake yalikunjika juu karibu na kidevu na alionekana mdogo. Alikuwa mtu aliyefuta faini ile kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wenye mradi, kwa sababu inaua hamasa.

"Wamenitoza mimi?"

"Mkubwa. Wamesema wasione kifaranga."

Alifunika uso kwa kiganja, mabega yakatikisika, na nilidhani analia mpaka nikasikia kwamba anacheka, halafu sikuwa na hakika tena. Nikachukua sahani yangu nikaondoka, maana yaliyobaki yalikuwa yao.

Mara ya mwisho nilimwona kwa kirefu Jumamosi iliyofuata. Walikuwa wanapanda wote wawili, na baada ya hapo wamekuwa wakiishi zaidi juu kuliko huku mjini, kwa kuwa mama mkwe anazidi kuzeeka. Alipita uani kwetu kumuaga mama. Kwapani alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye hasira, aliyemnunua sokoni baada ya kukataa wengine karibu wote kwamba ni wembamba. Mama akampa kigoda na kikombe. Akakaa. Jogoo akamdonoa kifungo cha shati na yeye akamwacha.

Niliona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza lile swali lake, kwa maneno yaleyale aliyotuuliza chuoni: "Nini kinakusukuma, Mkufunzi?"

Hakuangalia saa. Alikunywa kwanza, akafikiri, akanywa tena. Nilitegemea mlima wa mahitaji, au panya, au yale mambo matatu.

"Wananisubiri," alisema.

Akamalizia chai, akampa mama kikombe mkononi kwa mikono miwili, akainuka na jogoo wake, akamfuata mkewe aliyekuwa ameshafika barabarani. Alitembea polepole, kwa sababu ya magoti na kwa sababu ya jogoo. Mama akageuza kile kikombe juu chini kuhakikisha, yakadondoka majani ya chai tu.

Mimi nilibaki uani. Jumatatu nilikuwa na kipindi cha kwanza, na tangu mwezi uliopita nilikuwa nimeanza kuwaambia watu kwamba labda naacha kazi hii, niende Dar nikajaribu biashara, na kila niliyemwambia alisema ni sawa tu, jaribu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nilimwangalia Mkufunzi mpaka alipokata kona kwenye kibanda cha mkaa, na nikajiuliza, nisipotokea Jumatatu, ni nani atanitoza jogoo.